Bibi Aliyekatazwa Kuelewa

Mimi nilikuwa mwendesha lifti. Usicheke. Katika jengo lile refu ambako kila mtu alijiita bosi, hakuna bosi aliyepanda bila mimi kumpandisha, wala aliyeshushwa bila kupita mikononi mwangu. Shule yangu pia ilikuwa humo humo. Abiria walifungua magazeti, mimi nikayasomea mabegani mwao. Ubaya wa shule hiyo ni kwamba mtu hushuka ghorofa ya nne na gazeti lake, nawe unabaki na mwanzo wa habari bila mwisho. Ikabidi nizoee kumalizia mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo, nikianza kusimulia, shemeji yangu huwauliza wasikilizaji, "Amefika ghorofa ya ngapi?" Anajua ikishapita ya nne, yanayofuata ni yangu.

Lakini haya ya chuo cha ualimu niliyaona kwa macho yangu, tangu chini mpaka paa.

Chuo chenyewe kila mwaka huchukua vijana wachache kwenye programu ya walimu. Ukiingia, unasomeshwa bure, ukimaliza unapewa shule ya kufundisha, na watu wanaanza kukuamkia hata kama wamekuzidi umri. Kwa hiyo waombaji huja kama siafu kwenye sukari. Wanaopenya huitwa kwenye usaili, na usaili wa pale si maswali matupu: unasimama mbele ya darasa, unafundisha, wasaili wamekaa pembeni wanakuangalia. Shida ni kwamba mambo haya hufanyika shule zikiwa zimefungwa, na mtoto akishafunga shule humrudishi darasani hata kwa winchi. Karani wa chuo, mwanamama mwembamba asiyeachana na kengele yake, akapata akili. Badala ya watoto, wastaafu. Alituokota kwenye foleni ya pensheni. Ujira wetu ulikuwa chai ya maziwa, mkate wa siagi, na ruhusa ya kuwa watoto tena bila mtu kumwita daktari.

Kila mmoja wetu alipewa tabia yake. Mstaafu wa polisi, ambaye sote tunamwita Afande, alipewa kusinzia. Akasema hiyo kazi haihitaji mafunzo, ameifanya katika zamu zake zote. Mimi nilipewa utukutu. Karani alinitupia jicho moja tu akasema, "Wewe mzee, mtukutu," wala hakuniuliza nina uzoefu gani. Na shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mpishi mstaafu wa hospitali, mwanamke mwenye mwili wa kuheshimiwa na ulimi wa kuogopwa, akapewa kuwa mwanafunzi asiyeelewa.

"Wakufundishe wanavyofundisha, wewe huelewi," Karani alimwambia. "Ukiulizwa, jibu ni moja: sijaelewa. Tunataka kupima uvumilivu wao."

"Na nikielewa?"

"Huelewi, bibi. Ndiyo kazi yako."

"Hapo mmempata mwenyewe," nikachomekea.

"Nyamaza, mlango wa lifti," shemeji akanirudishia. "Kufunguka tu kila saa, hata kama hakuna anayeshuka."

Somo lilikuwa moja kwa waombaji wote, ili wapimwe kwa mizani moja: kugawanya kwa sehemu. Sita ukigawanya kwa nusu, unapata ngapi? Karani aliposema hivyo nilimwona shemeji akikaza taya, nami nikajua donda limeguswa.

Mwanamke huyu ana kesi na swali hilo. Utotoni mwalimu alimwinua aulizwe lile lile, naye akajibu kwa kujiamini kabisa: tatu. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaandika kumi na mbili ubaoni na kuendelea mbele. Shule shemeji aliimaliza kwa namna alivyoimaliza, lakini swali lile hakulisamehe. "Nimegawa supu wodi nzima," huwa anasema, "nimegawa maziwa, nimegawa mkate. Sijapata kuona kitu kinagawanywa kikaongezeka. Kingekuwa kinaongezeka, wagonjwa wangu wangenenepa." Mwalimu yule, kwa hukumu yake, alikuwa tapeli.

Kwa hiyo Karani alidhani amempa mtu kazi ya kuigiza. Mimi peke yangu nilijua kwamba hakuna maigizo hapo. Nikakaa kimya, maana chai ilikuwa nzuri na sikutaka kuharibu.

Wasaili walikuwa wawili. Mmoja Mkaguzi, aliyezeeka akikagua mashule, kipara kinang'aa kama sufuria mpya. Mwenzake Mhadhiri, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye kila akitaka kucheka huivua akaifuta.

Asubuhi ile tulifundishwa mpaka masikio yakachoka. Aliingia kijana mmoja akaandika kanuni ubaoni kwa mwandiko mzuri: geuza, kisha zidisha.

"Umeelewa, bibi?"

"Sijaelewa. Kwa nini nigeuze?"

"Ndiyo kanuni, bibi."

"Na asiyeelewa kanuni, kanuni inamwambiaje?"

Kijana akaigeukia kanuni yake ubaoni. Mimi nikamrushia kidonge cha karatasi, kikamgonga sikioni. Kazi ni kazi.

Akaja binti mmoja na mfano wa mikate. Mikate sita, kila mmoja ukikatwa nusu, si vipande kumi na mbili? Akamchokoza mpishi.

"Hapo umekata, mwanangu, hujagawanya," shemeji akamwambia. "Na mkate ukikatwa haukui, unapungua. Makombo nani atayahesabu?"

Mwingine alimwambia ataelewa akifika nyumbani. Shemeji akamjibu kwamba nyumbani kuna shemeji yake, na mtu haelewi kitu kwenye nyumba hiyo. Mhadhiri akafuta miwani kwa muda mrefu.

Wakati wa mapumziko nilitoka uani na kikombe changu. Bombani nilimkuta binti mmoja amejiinamia, anasugua vidole. Viatu vyake vilikuwa vimetapakaa nukta za rangi, nyeupe, bluu, kijani, kana kwamba amepita kwenye mvua ya sherehe.

"Hiyo haitoki kwa maji, mjukuu wangu."

"Najua, babu. Shikamoo. Nasugua tu mikono ipate la kufanya."

Kumbe alikuwa mpaka rangi wa majumba. Akaniambia bila kuficha: alikuwa amekuja usaili mara mbili, na mara mbili amekataliwa. Ya kwanza alisimama ubaoni kila kitu kikamtoka kichwani, akabaki anausifia ukuta kwa jinsi ulivyopigwa lipu. Ya pili alijiandaa mpaka akajiandaa kupita kiasi, akasema yote bila kuvuta pumzi, wakamwambia, "Umehutubia, hujafundisha."

"Na leo?"

"Leo ndiyo mwisho, babu. Mwakani nitakuwa nimepita umri wanaouchukua. Nikikosa leo, ni ndoo na brashi mpaka nizeeke." Akatabasamu kidogo. "Si kwamba rangi ni mbaya. Ila ukuta hauulizi swali. Mimi nataka kitu kinachouliza."

Sasa, tulikuwa tumekatazwa kuzungumza na waombaji. Lakini binti ana hofu mbele yako, utafanyaje? Nilimkatia kipande cha mkate wangu, nikampa na hadithi ya siku ile lifti yangu ilipopitiliza ghorofa ya mwisho. Ilikuwa siku ya kutangaza vyeo, abiria wote wamepandishwa, na kwa furaha wakawa wepesi hivi kwamba nilipobonyeza juu, lifti ikatoboa paa, tukasimama hewani tukiangalia nyumba kwa chini. Ilibidi nimsomee mmoja wao makato yake ya kodi ndipo tukaanza kushuka. Binti alicheka mpaka akashika bomba. Sikumwambia neno hata moja juu ya darasa, wala juu ya shemeji. Lakini nilipoinua macho, nikamwona Mkaguzi dirishani, anatutazama.

Kengele ikalia. Mwombaji wa kwanza baada ya mapumziko alikuwa yeye.

Aliingia, chaki ikamkatikia mkononi kabla hajaandika kitu. Akaitazama. Akaitazama tena. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani ni mazoea ya wapaka rangi: alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, akaangalia chumba chote, kama mtu anayepima kazi kabla ya kuianza. Chumba kilikuwa na mabenchi sita ya mbao, kila moja la kukalisha watoto wawili, na sisi wastaafu saba juu yake.

Nikaona nimtie kashkash mapema. "Mwalimu! Huyu ameniibia rula!"

"Mwenye rula ana nguvu?" akaniuliza.

"Nyingi, mwalimu!"

"Basi simama. Wewe ndiye kiranja wa mabenchi. Yapange yote mstari mmoja, kichwa kwa mkia, kando ya ukuta huu."

Mtukutu akishapewa cheo amekwisha. Nilivuta mabenchi mpaka kiuno kikalia, na Afande tukamsogeza akiwa juu ya lake, bado amelala. Maigizo yake siku hiyo yalikuwa ya kiwango cha juu.

Yalipokaa mstari, binti akachora chaki katikati ya kila benchi. "Mabenchi mangapi?"

"Sitaaa!" tukaitikia kwa kuvuta, kama watoto.

"Kila mtu nampa nusu benchi. Kaeni. Tuone wanaenea wangapi."

Tukakaa. Saba tulienea na mbao zikabaki. Binti akageuka nyuma. "Na ninyi mliojificha pembeni? Njooni mkae, somo linaendelea."

Alikuwa anawaambia wasaili. Mhadhiri alisimama mara moja, miwani mkononi. Mkaguzi alitazama huku na huku kama anayetafuta mkaguzi mwenzake, kisha naye akaja. Karani akafuata na kengele yake. Nafasi zilizobaki binti akaziwekea mikoba: "Huyu ni mwanafunzi. Na huyu. Hawa ndio wasikivu kuliko wote."

"Tuhesabu," akasema, na kweli tulikuwa kumi na mbili ukihesabu na mikoba. Kwa mwombaji mwingine somo lingeishia hapo, makofi, kwaheri.

Lakini shemeji alikuwa ameshainuka. Alikuwa amesimama mbele ya nusu yake, mikono kiunoni, anaiangalia kama mtu aliyepimiwa nguo ya mdogo wake.

"Mwalimu, hii nusu benchi ni ya mgonjwa. Mimi mtu wa robo tatu."

Chumba kikalipuka. Mimi nikaongeza, "Robo tatu ya lori!" na shemeji akanitishia kwa mkoba wa mtu. Hata Mkaguzi alitikisika mabega. Binti peke yake hakucheka. Alikuwa ameinua chaki hewani, na uso wake ulianza kung'aa taratibu.

"Bibi, umesema kweli," akasema. "Inukeni wote. Tunaanza upya."

Akafuta alama za katikati kwa mkono wa blauzi yake, blauzi ya usaili, nyeupe. Akachora upya, kila benchi robo nne. Akatuambia tusimame ukutani. "Leo kila mtu ni wa ukubwa wa bibi. Robo tatu, robo tatu. Bibi, wewe ndiye kipimo chetu. Kaa mwanzo kabisa, halafu sogea. Tukuhesabie."

Shemeji akakaa. Robo tatu kamili, hakupungua wala hakuzidi. "Moja!" tukasema. Akainuka nusu, akasogea, akakaa tena. "Mbili!" Kiungo cha kati ya benchi na benchi kikamfinya, akaruka: "Yalaa!" Darasa likamshangilia. "Tatu! Nne!" Alikuwa ameanza kufurahia, anasogea kwa madaha kama bibi harusi anayeonyeshwa kwa wageni. "Tano! Sita!" Hapo akasita kidogo, akatazama mbele. Mbao zilikuwa bado zipo. "Saba! Nane!"

Kwenye nane ukingo wa paja lake na ukingo wa benchi la mwisho vikawa kitu kimoja.

"Nane," binti akasema kwa sauti ya chini. "Mabenchi ni sita, bibi. Umegawanya sita, umepata nane. Mawili yaliyoongezeka yametoka wapi?"

Shemeji alitazama alikotoka, mstari mzima, alama kwa alama. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

"Hayakutoka popote," akasema polepole. "Mabenchi ni yale yale sita. Sikuhesabu mabenchi." Akajishika nyonga. "Nimehesabu makalio!"

"Endelea, bibi."

"Ninauliza mimi naingia humo mara ngapi. Mara nane! Na ningekuwa mwembamba kama Karani, wa nusu nusu, ningeingia..." Akageuka kwangu, macho yamemtoka. "Shemeji! Kumi na mbili! Yule mwalimu hakuwa tapeli! Kadiri anayekaa anavyokuwa mdogo ndivyo anavyoenea mara nyingi! Nimeelewa! Jamani, nimeelewa!"

Afande akazinduka pale ukutani, akasimama wima na kupiga saluti. Binti mpaka rangi alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili, na chaki ikamwachia mstari mweupe puani.

Ilikuwa furaha kamili, kwa muda wa pumzi moja hivi. Kisha Mkaguzi akajitenga na ukuta.

"Bibi," akasema, "wewe ulikatazwa kuelewa."

"Nisamehe, bwana mkubwa. Imeniponyoka."

"Haijaponyoka. Asubuhi nzima hukuelewa hata mfano wa mikate, na wewe ni mpishi. Anaingia huyu mmoja, unaelewa kwa kelele. Na kabla ya hapo nimemwona shemeji yako bombani, anagawana naye mkate." Akamgeukia binti. "Mwanangu, toka nje usubiri. Kama mlipanga hili, siwezi kukupa alama hata moja."

Binti aliweka chaki yake juu ya benchi. Akatoka. Mlango ulipofungwa nilisikia kama lifti imekatika kamba.

Nikajitokeza kumtetea. "Mheshimiwa, hatukupanga kitu. Nilikuwa namsimulia jinsi lifti yangu ilivyotoboa paa."

"Jinsi lifti yako ilivyofanya nini?"

"Ilitoboa paa. Kwa furaha."

Mkaguzi akamtazama Mhadhiri kwa maana ya kusema, unasikia ushahidi wenyewe. Nikajaribu kuapa, nikaona kadiri ninavyoapa ndivyo ninavyozidi kufanana na mwongo. Hiyo ndiyo hasara ya kunogesha maneno maisha yako yote: siku una ukweli mkononi, hakuna anayetaka kuupokea.

"Mkae mkijua," shemeji akasema, na sauti yake haikuwa na utani, "mnamnyima yule mtoto kwa kosa la kufundisha."

"Bibi, unaweza kuwa ulikuwa unajua tangu awali."

"Ningekuwa najua ningeishi na aibu ya tatu maisha yangu yote?"

Wakavutana. Mhadhiri alikuwa bado ameegemea ukuta, anafuta miwani, na nikadhani anacheka. Kumbe anafikiri.

"Hili linapimika," akasema. "Kama bibi alikuwa anajua na kuigiza ujinga asubuhi nzima, basi ni mwigizaji hodari. Aigize tena. Aje mwombaji anayefuata, na bibi asielewe, kama alivyofanya kwa wote. Akiweza, nitakubaliana nawe, tumfute binti. Lakini mtu aliyeelewa sasa hivi, tena baada ya kungoja umri mzima," akavaa miwani, "huyo hawezi kuficha."

"Naweza," shemeji akadakia, kwa kiburi tu. Nilimkanyaga mguu. Akanikanyaga na yeye. Ndipo akafahamu amesema nini. "Yaani, nitajitahidi kwa moyo wote," akasema. "Siwezi kudanganya wasaili."

Hapo roho yangu ikaanza kuhangaika. Namjua shemeji. Akiambiwa huwezi, anaweza. Aliwahi kuambiwa hawezi kukaa siku nzima bila kusema, akakaa siku nzima bila kusema, ananitazama tu, ikawa mbaya zaidi.

Tukarudisha mabenchi. Akaingia kijana wa suti, tai imemkaba vizuri, akatuamkia kwa adabu na kuandika ubaoni: sita gawanya kwa nusu. Shemeji alikaa mbele, amekalia viganja vyake, kilemba amekivuta mpaka kwenye nyusi. Mkaguzi hakumwangalia kijana hata kidogo. Alimwangalia shemeji.

"Hapa kuna siri ndogo," kijana akaanza. "Nusu hii tunaigeuza."

Shemeji akafumba macho.

"Ikigeuka, inakuwa mbili. Kisha badala ya kugawanya..."

Shemeji akauma ncha ya kilemba. Shavu moja lilikuwa linacheza peke yake. Mimi nilisahau kutupa karatasi.

"...tunazidisha. Sita mara mbili, kumi na mbili. Kuna ambaye hajaelewa? Bibi wa mbele, umeelewa?"

Shemeji akafungua mdomo. Niliona kabisa neno "sijaelewa" likiwa limeshafika mlangoni. Alilisukuma. Lilikataa kutoka.

"Si... si..." akasema, jasho linamtoka. "Si hivyo, mwanangu! Unaigeuza ya nini, imekukosea nini? Hebu nipe hiyo chaki! Shemeji, panga mabenchi! Njoo ukae hapa, wewe na suti yako, nikuonyeshe unaingia mara ngapi!"

Kijana wa suti akajikuta amekalishwa, anasogezwa, anahesabiwa. Kwenye benchi la tatu alisema, "Ahaa!" kwa sauti ya mtu aliyetoka maji yakiwa shingoni. "Kumbe! Mimi miaka yote nilikuwa nageuza tu!"

Kwanza ulisikika mkoromo wa Afande. Halafu sauti nyingine, kama gari bovu linalokataa kuwaka asubuhi. Ilikuwa ya Mkaguzi. Alikuwa anacheka, machozi yanamtelemka mpaka kwenye kola, anajaribu kusema neno na kushindwa.

"Mwiteni yule binti," hatimaye akasema. "Alama zake zibaki. Zote."

Kijana wa suti alipewa nafasi nyingine, ni haki yake. Ila Karani ilibidi atafute mwanafunzi mpya asiyeelewa, maana wa mwanzo alikuwa ameharibika kabisa. Akanyoosha kengele kwangu.

"Nipe maelekezo," nikasema.

"Huyu hahitaji," shemeji akamwambia. "Mwache tu akae alivyo."

Jioni waombaji walijaa uani. Karani alipanda ngazi akasoma majina, na jina la mpaka rangi likaja la tatu. Binti hakupiga kelele. Aliinama akashika magoti, kama mtu aliyemaliza kupaka dari refu na sasa anaweza kushusha mikono. Halafu akakimbia kupita watu wote, akanipita na mimi niliyekuwa nimeshatanua mikono, akamkumbatia shemeji. Walizunguka pamoja mpaka mkoba wa mtu ukaanguka.

"Hongera, mwalimu," shemeji akasema, wa kwanza duniani kumwita hivyo bila maigizo. Binti akaanza kulia na kucheka kwa zamu. Shemeji akamfuta uso kwa ncha ya kilemba, taratibu, kisha akamshika mkono kama mtu aliyekuwa akingoja hayo mengine yapite.

"Sasa nisikilize. Nimekuwa nikifikiri tangu mchana. Kugawanya nimekuelewa. Lakini sita mara nusu wanasema ni tatu. Kuzidisha, halafu inapungua! Hiyo nayo vipi?"

"Shemeji, mwache mtoto akale," nikamwambia. "Kwao wanamsubiri."

"Wamesubiri miaka, watashindwa dakika?"

Binti alitazama geti, akatazama ngazi. Akaweka mkoba wake chini, akapangusa ngazi ya chini kwa kiganja na kumkaribisha shemeji aketi. Akachora kwa kidole kwenye vumbi. Kijana wa suti, ambaye naye alikuwa amepata, akachuchumaa pembeni bila kuogopea suruali. Afande akaja. Mhadhiri, aliyekuwa anaelekea kwenye gari lake, akageuza njia.

Mlinzi akaja na funguo kutuambia muda wa kufunga umefika, na kwamba yeye ana nyumba pia.

"Kaa, baba," shemeji akamwambia bila kuinua macho. "Umekuja wakati mzuri, ndiyo kwanza tunaanza."

Mlinzi akatazama vumbi, akatazama geti, akakaa.